Mikono Inapotetemeka: Mwongozo kwa Watu wa Kibiti na Delta ya Rufiji

Ewe msomaji, ikiwa wewe, au mzazi wako, au jirani yako wa Nyamisati, Salale au Bungu, hawezi kukifikisha kikombe cha chai kinywani bila ya kumwagikiwa kifuani, basi mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako. Madhumuni yake ni mawili: kwanza, kukuonyesha njia ya kuyatambua maradhi hayo na kuyatafutia dawa iliyo karibu, na pili, kukueleza bila ya kuficha ile tiba mpya ya mawimbi ya sauti, ambayo khabari zake zimeenea katika simu za watu, pamoja na picha za wazee walioingia hospitalini wakitetemeka wakatoka wakiandika majina yao kwa mkono uliotulia.

Picha hizo ni za kweli, ila hazisemi yote, na aliyeziona aghalabu hutamani kuuza shamba la minazi kesho yake. Rai yangu ni kwamba jambo hili lina mpangilio wake, na aupinduaye hujitia hasarani: kwanza maradhi yajulikane, kisha dawa ya tembe ijaribiwe barabara, na baada ya hapo ndipo mtu afikirie mashine iliyo ng'ambo ya bahari.

Kwa nini ujue kwanza ni mtetemeko gani

Mikono hutetemeka kwa sababu nyingi, na dawa ya sababu moja yaweza kuwa madhara kwa nyingine. Maradhi tunayoyakusudia hapa, ambayo madaktari huyaita esenshali trema, nasi tutayaita mtetemeko wa asili, hujitambulisha kwa alama moja kubwa: mkono hutetemeka unapofanya kazi, si unapopumzika. Mgonjwa akikaa barazani mikono imelala mapajani, hutaona kitu. Lakini aitwe kula, anyooshe mkono kuchukua tonge, au aanze kufunga chambo kwenye ndoana, hapo vidole huanza kucheza, na kadiri vinavyokaribia shabaha ndivyo vinavyozidi. Aghalabu mikono yote miwili huwamo, na kwa watu wengine kichwa hutikisika na sauti nayo hukatikakatika. Huja polepole kwa miaka, huzidi mtu anapotazamwa au anapokuwa na hofu, na mara nyingi hurithiwa, hata mtoto wa mwenye maradhi haya yaliyo ya ukoo huweza kuwa na nafasi sawa na nusu ya kuyapata. Wengine huanza wakiwa vijana, wengine baada ya miaka 60.

Maradhi ya Parkinson ni kinyume chake. Humo mkono hutetemeka ukiwa umepumzika, huanza upande mmoja, na pamoja na kutetemeka huja uzito wa viungo, hatua fupi za kuburura, uso usiocheka, na maandishi yanayozidi kuwa madogo. Dawa zake ni nyingine kabisa. Wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti Catherine Dotchin na Richard Walker pamoja na wenzao wa Tanzania walipopita nyumba kwa nyumba miongoni mwa watu wapatao 161,000, walipata wagonjwa 33 wa Parkinson, na walio wengi kati yao walikuwa hawajapata kuambiwa na tabibu yeyote wana maradhi gani. Watu wa mtetemeko wa asili nao walihesabiwa huko huko, na khabari zao zikachapishwa mwaka 2008. Sina shaka kwamba lau nyumba za delta zingepitiwa vivyo hivyo, wangeonekana wazee wengi waliokwisha kuitwa walevi, au kusemwa kwamba wamechezewa na watu, hali wana maradhi yenye jina na yenye dawa.

Yako pia mambo yanayouiga mtetemeko wa asili, na haya huondoka sababu yake ikiondolewa: tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, ambapo mgonjwa hukonda, hutoka jasho na moyo humwenda mbio, sukari kushuka mwilini, dawa za pumu, hasa salbutamol na aminophylline, dawa ya kifafa iitwayo sodium valproate, kahawa nyingi na chai ya rangi iliyokolea, na kuacha pombe ghafla baada ya kuizoea. Ikiwa hupulizia mikorosho dawa za wadudu na ukungu, mwambie daktari jina la dawa hiyo hata kama hakukuuliza.

> USINGOJE: NENDA HOSPITALI SIKU HIYO HIYO
> - Mtetemeko umeanza ghafla, pamoja na kupooza upande mmoja, mdomo kwenda upande au ulimi kuwa mzito.
> - Umeanza baada ya kuanguka au kupigwa kichwani.
> - Umekuja pamoja na homa kali, kuchanganyikiwa au degedege.
> - Mwenye kisukari anatetemeka, anatoka jasho na anaona njaa: mpe kitu chenye sukari mara moja ikiwa aweza kumeza, kisha mpelekeni.

Kipimo cha nyumbani

Daktari wa kituo cha afya ana wagonjwa wengi na muda mchache, na mtetemeko una tabia ya kujificha au kuzidi mbele ya mgeni. Kwa hiyo ni heri umpelekee ushahidi ulioukusanya kwa utulivu nyumbani. Kazi hii haihitaji chombo chochote ila karatasi, kalamu na vikombe viwili.

1. Chagua asubuhi ambayo hujanywa kahawa wala chai. Keti, weka mikono mapajani, na umwombe mtu wa nyumbani aitazame kwa dakika moja huku ukihesabu kwa sauti kutoka 20 kurudi nyuma. Aandike kama ilitetemeka au haikutetemeka.
2. Nyoosha mikono mbele yako, viganja vikitazama chini, kwa muda wa pumzi kumi. Aandike tena.
3. Gusa pua yako kwa kidole, kisha gusa kidole cha mwenzako aliyekaa mbele yako, mara tano kwa kila mkono.
4. Jaza kikombe kimoja maji hadi nusu, uyamimine katika kingine, uyarudishe. Pima kwa macho yaliyomwagika mezani.
5. Chora mchoro wa konokono: anzia katikati ya karatasi, uzungushe mstari kwenda nje mara tano bila ya kuinua kalamu, na bila ya kuegemeza mkono mezani. Fanya kwa mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Chini yake andika jina lako na sentensi moja.
6. Andika tarehe na saa, uihifadhi karatasi mahali pakavu.

Itazame karatasi hiyo kwa makini. Mchoro wa mwenye mtetemeko wa asili huwa mpana, na mstari wake una meno madogo madogo yanayofuatana kwa vipimo vilivyo sawa, mara nyingi yakielekea upande mmoja kila mzunguko unapofika mahali pale pale. Maandishi nayo huwa makubwa na yenye mawimbi. Mwenye Parkinson huchora mzunguko uliobanana, na herufi zake huanza kubwa zikaishia ndogo. Usijihukumie maradhi kwa karatasi hii. Kazi yake ni kumpa tabibu mwanzo wa maneno, na baada ya miezi sita kukuonyesha wewe mwenyewe kama dawa imefaa au haikufaa.

Kufuata njia ya rufaa

Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Wa Kibiti na vijiji vya barabarani wana kituo chao na hospitali ya misheni ya Mchukwi; wa ng'ambo ya mto wana hospitali ya Utete. Akihitaji ushauri zaidi, daktari atakuandikia rufaa kwenda Tumbi, Kibaha, iliyo hospitali ya rufaa ya mkoa wa Pwani, au Muhimbili, Dar es Salaam, waliko mabingwa wa mishipa ya fahamu. Na jirani na hapo ipo Taasisi ya Mifupa, MOI, ambako hufanywa upasuaji wa ubongo. Usiipite ngazi ya chini ukaenda moja kwa moja juu, kwani bila ya barua ya rufaa utalipa zaidi na kungoja zaidi, na aliye na bima huenda asihudumiwe kwayo.

Mtu wa visiwani na apange safari yake kwa maji. Mashua ya kutoka Mbwera au Msala hungoja maji yajae, na aliyeandikiwa saa mbili asubuhi Kibiti hana budi alale Nyamisati au mjini usiku wa kuamkia. Wakati wa masika ulizia njia kwanza; mwaka 2024 mafuriko yaliyafunika mashamba na makazi Rufiji na Kibiti, na maji ya namna hiyo huweza kuzichukua hata dawa zilizomo nyumbani. Anayetumia tembe za kila siku awe nazo za akiba, zimefungwa ndani ya mfuko usiopenya maji.

Mzee wa miaka 60 na zaidi aulizie dirisha la wazee na achukue kitambulisho chake, kwa sababu tangu Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 msimamo wa serikali ni kwamba wazee wasio na uwezo watibiwe bila ya malipo.

Ukiingia kwa daktari, usiseme tu "mikono inanisumbua". Baada ya salamu, sema hivi: "Daktari, mikono yangu hutetemeka ninapoinua kitu, nikiituliza haitetemeki. Ilianza mwaka fulani. Marehemu baba alikuwa hivi hivi. Dawa ninazotumia ni hizi hapa. Nina pumu, au sina. Nimekuja na karatasi nilizochora." Na umwombe apime tezi ya shingo na sukari, ikiwa hospitali ina vipimo hivyo.

Tembe kabla ya mashine

Dawa ya kwanza ni propranolol, ambayo ni tembe ya zamani, ya bei ndogo, inayojulikana zaidi kwa shinikizo la damu na moyo. Huwafaa takriban nusu ya wagonjwa. Haiuondoi mtetemeko wote, bali huupunguza, hata mtu aliyekuwa akinywa kwa mrija akarudi kwenye kikombe. Daktari huanza na dozi ndogo na kuipandisha kidogo kidogo, na hapa ndipo watu wengi hukata tamaa: humeza kwa siku nne, wakaona mkono ungali unacheza, wakaacha. Jipeni wewe na daktari wako wiki kadhaa, na urudi kwake dozi ipandishwe.

> TAHADHARI YA PROPRANOLOL
> - Mwenye pumu asiimeze. Yaweza kumfunga kifua.
> - Mwenye mapigo ya moyo ya polepole au moyo uliochoka amwambie daktari kwanza.
> - Mwenye kisukari ajue kwamba huficha dalili za sukari kushuka.
> - Usiiache ghafla. Hupunguzwa taratibu kwa maagizo ya daktari.
> - Usiazime tembe za jirani mwenye shinikizo la damu, hata kama mikono yenu hufanana.

Dawa ya pili ni primidone, iliyokuwa ya kifafa, ambayo siku za mwanzo huleta kizunguzungu na usingizi mzito. Si rahisi kuipata katika maduka ya wilayani, na aghalabu huandikwa na bingwa. Ziko nyingine, topiramate mathalani, ambazo bingwa huzitumia hizo mbili zikishindwa.

Wako waliogundua kwamba tembo la mnazi hutuliza mkono kwa saa chache. Ni kweli kwa wagonjwa wengi wa maradhi haya, lakini mtetemeko hurudi kwa nguvu zaidi pombe ikiisha mwilini, na mtu akageuka mwenye maradhi mawili. Dua ni haki ya kila mja; ila dua isichukue nafasi ya kipimo, wala mchanganyiko wa mizizi usinywewe pamoja na tembe bila ya daktari kuujua.

Wakati dawa inaendelea kujaribiwa, kuna mambo madogo yanayopunguza adha: kikombe kizito chenye mkono mpana, kijazwe nusu, kiwiko kibanwe ubavuni au kiegemezwe mezani, kijiko kizito na sahani yenye ukingo, kalamu nene. Nyavu zishonwe na ndoana zifungwe chambo nchi kavu kabla ya kusukuma mtumbwi. Na jambo moja zaidi: mzee ambaye vidole vyake hukosea vitufe vya simu hushawishika kumpa kijana yeyote namba yake ya siri ili amtumie fedha. Achague mtu mmoja wa aila anayemwamini, na benki aombe kutumia dole gumba badala ya sahihi.

Tiba ya mawimbi ya sauti ni nini

Ndani kabisa ya ubongo kuna mahali paitwapo thalamasi, panapopitia amri za mwendo wa viungo, na katika mtetemeko wa asili kifundo kidogo cha humo hupitisha mapigo ya mtetemo yasiyokoma. Tangu katikati ya karne ya ishirini wapasuaji walijua kwamba wakikiunguza kifundo hicho mkono wa upande wa pili hutulia. Lakini iliwabidi kulitoboa fuvu na kuingiza sindano. Mwaka 1987 huko Grenoble, Ufaransa, Alim-Louis Benabid alionyesha njia nyingine, ya kukiwekea waya wenye umeme mdogo unaotoka kwenye betri iliyofukiwa kifuani. Nayo ingali inatumika, ingawa humtaka mgonjwa arudi mara kwa mara kurekebishiwa na kubadilishiwa betri.

Mawimbi ya sauti tunayozungumzia ni ya jinsi ile ile ya altrasaundi wapimwayo wajawazito, sauti ambayo sikio la binadamu haliisikii. Ndugu wawili wa Marekani, William na Francis Fry, walijaribu kuyatumia katika ubongo tangu miaka ya 1950, lakini mfupa wa fuvu uliyatawanya mawimbi, ikawalazimu kuuondoa kwanza. Mashine za sasa zimelishinda tatizo hilo: mgonjwa huvalishwa kofia yenye vyanzo vidogo 1,024, kila kimoja kikitoa wimbi dhaifu lisiloweza kudhuru njiani, na kompyuta huvipangia muda kulingana na unene wa fuvu la mtu huyo, ili mawimbi yote yakutane mahali pamoja, vile kioo cha kukuzia kinavyokusanya miale ya jua hata karatasi ikaungua. Pale yanapokutana, mahali pa milimita chache tu, joto hupanda hadi kati ya nyuzi 55 na 60, na chembe za hapo hufa. Mashine ya MRI hupiga picha na kupima joto hilo muda wote.

Siku ya tiba mambo huenda hivi:

1. Kichwa hunyolewa chote. Bibi na mama wa Kiislamu waombe mapema wanyolewe na wahudumiwe na wanawake, na waulize watasitiriwaje.
2. Fremu ya chuma hufungwa kichwani kwa skrubu nne baada ya ganzi ya ngozi. Wengi husema hiyo ndiyo sehemu yenye maumivu.
3. Mgonjwa hulala ndani ya mashine ya MRI, maji baridi yakizunguka kati ya kofia na ngozi ili fuvu lisipate moto.
4. Hutumwa kwanza mawimbi ya joto dogo lisilounguza. Mgonjwa, aliye macho, hutolewa nje kidogo, huulizwa kama anaona ganzi au ulimi mzito, na huchora mchoro wa konokono.
5. Mahali pakionekana ni penyewe, joto huongezwa kwa awamu, na baada ya kila awamu huchora tena.
6. Shughuli yote huchukua saa mbili hadi nne, na aghalabu mgonjwa hutoka hospitalini siku hiyo au kesho yake.

Faida yake na madhara yake

Jaribio kubwa lililoipa tiba hii heshima liliongozwa na W. Jeffrey Elias wa Chuo Kikuu cha Virginia, na likachapishwa mwaka 2016. Walishiriki wagonjwa 76, wote wakiwa wamekwisha kujaribu dawa bila ya kufaulu. 56 wakapewa tiba na 20 wakafanyiwa igizo la tiba ili kulinganisha. Baada ya miezi mitatu mtetemeko wa mkono uliotibiwa ulipungua kwa asilimia 47, na baada ya mwaka kwa asilimia 40. Walioigiziwa hawakupata nafuu ya maana. Mwaka huo huo mamlaka ya dawa ya Marekani ikaiidhinisha kwa upande mmoja wa ubongo, na Desemba 2022 ikaruhusu upande wa pili, kwa sharti ipite miezi isiyopungua tisa.

Kwa hiyo mkono mmoja tu hutibiwa kwanza, na kwetu sisi tunaokula na kuamkiana kwa mkono wa kulia, uchaguzi si mgumu: huunguzwa upande wa kushoto wa ubongo ili wa kulia utulie. Lakini kilichounguzwa hakirudi.

Na hapa nakuomba usome polepole. Katika jaribio lile asilimia 36 ya waliotibiwa walipata kuyumba katika kutembea na asilimia 38 walipata ganzi au kuwashwawashwa. Baada ya mwaka kuyumba kulibaki kwa asilimia 9, na ganzi kwa asilimia 14. Kwa mtu wa ofisini mwenye sakafu tambarare, kuyumba kidogo kwaweza kuvumilika. Kwa mtu wa delta, anayevuka kutoka mashua hadi pwani juu ya ubao mwembamba, anayepita tope la mikoko akishika mizizi, anayesimama kwenye mtumbwi kuvuta nyavu, mguu uliokaza una thamani kubwa kuliko kikombe kisichomwagika. Mimi naona mvuvi anayetegemea bahari kwa riziki yake, na ambaye aweza bado kujilisha, asiikimbilie tiba hii. Lakini fundi cherehani, mwalimu, au bibi asiyeweza tena kujilisha wala kujifunga kanga, na tembe zimemshinda, ana sababu ya haki ya kuitafuta.

Kuna wasioifaa kabisa: mwenye kifaa cha kuendesha moyo au chuma mwilini kisichopatana na MRI, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda zisizoweza kusimamishwa, asiyeweza kuvumilia kufungiwa mahali pembamba, na yule ambaye fuvu lake, kwa umbile lake tu, hutawanya mawimbi mno. Hilo la mwisho hujulikana kwa kipimo cha CT, ambacho hufanyika hata Dar es Salaam, na mtu hana sababu ya kupanda ndege kabla ya kulijua.

> MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KULIPA
> Tiba hii haijafika katika hospitali zetu za Tanzania. Ipo Marekani, Uingereza, Japani, na pia India, waendako Watanzania wengi kwa matibabu. Weka alama mbele ya kila swali lililokwisha kupata jibu la maandishi.
> ☐ Je, bingwa wa mishipa ya fahamu wa Muhimbili amethibitisha kwamba ni mtetemeko wa asili?
> ☐ Je, nimejaribu angalau dawa mbili, kwa dozi ya kutosha?
> ☐ Je, kipimo cha CT cha fuvu langu kimetumwa na kukubaliwa na hospitali hiyo?
> ☐ Wamewatibu wagonjwa wangapi wa maradhi haya, na wangapi walibaki wakiyumba?
> ☐ Fuvu likikataa siku ya tiba, fedha hurudishwa kiasi gani?
> ☐ Bei ni pamoja na malazi, mkalimani na msindikizaji?
> ☐ Nani atanitazama nikirudi Kibiti nikiyumba, na barua ya kumweleza nitapewa?

Makosa yanayofanywa na wengi

Kosa kubwa kuliko yote ni kudhani kwamba tiba hii huponya Parkinson na kila mtetemeko. Zipo hospitali zinazoitumia kwa baadhi ya wagonjwa wa Parkinson, lakini masharti ni mengine, na mtetemeko wa tezi au wa dawa hautibiwi kwa mashine hata kidogo. La pili ni kuyaficha maradhi kwa aibu: mzee huacha kwenda karamuni, kisha msikitini, kisha hali chakula mbele za watu, na aila hudhani amekuwa mkali, kumbe anaogopa izara. Wajukuu msimcheke, mkaribisheni meza ya pembeni, mpeni kikombe kizito, kisha mwambieni mtamsindikiza hospitalini. La tatu ni la wale waliofika ng'ambo wakatibiwa wakapata nafuu, wakaacha kurudi kwa daktari; faida hupungua kwa baadhi ya watu kadiri miaka inavyokwenda, na karatasi ya mchoro yenye tarehe ndiyo itakayoonyesha mapema.

Mwisho, akikujia wakala akikuahidi safari, kitanda na mkono uliotulia kwa malipo ya mara moja, mwombe akupe jina la hospitali na la daktari, umpelekee bingwa wako wa Muhimbili ayasome, na usitume hata shilingi moja kwa simu kabla bingwa huyo hajakujibu.